Toleo Lililoidhinishwa

Mwishoni mwa mwaka 2022 nilikuwa nimekaa na kurasa za maandishi ya kisheria, nikijaribu kuyageuza yawe Kiswahili kwa ajili ya watu wanne. Hatukuwa kampuni. Tulikuwa marafiki tunaokutana Jumamosi jioni kwenye sebule ya mmoja wetu, Sinza, tunarusha dadu na kucheza mchezo ambao majirani walidhani ni kamari. Tulikuwa tumeandika kijitabu cha kurasa 24, kisa cha bandari ya kubuni ambako mizigo inatoweka ghalani usiku, na tulitaka kukipiga chapa nakala 50. Mwisho wa kijitabu ulipaswa kubeba leseni nzima, neno kwa neno, kwa Kiingereza chake. Hilo ni sharti. Nikaona si vizuri kumpa mtu kitabu cha Kiswahili chenye kurasa asizoweza kuzijadili, basi nikaamua kuweka tafsiri pembeni.

Nilikwenda vizuri mpaka kifungu cha 9. Kinasema, kwa ufupi, kwamba mwenye leseni anaweza kutoa matoleo mapya yake, na kwamba mtumiaji ana hiari ya kufuata toleo lolote ambalo ni *authorized*. Nikaandika "toleo lolote lililoidhinishwa", nikaendelea na kifungu cha 10. Dada mmoja wa kikundi chetu, aliyesoma sheria, akaichukua karatasi, akasoma, akacheka.

"Kaka, hapo umeshaamua kesi."

"Kesi gani?"

"Kiingereza kimenyamaza, wewe umesema. 'Lililoidhinishwa' maana yake lilipewa idhini, basi, imekwisha. Sasa andika 'lenye idhini' uone."

Nikaona ni mambo ya mawakili. "Lenye idhini" ni toleo ambalo idhini yake iko hai leo, na kilicho hai leo kesho kinaweza kuondolewa. Kiingereza kinabeba maana zote mbili kwa neno moja. Kiswahili kinakulazimisha uchague. Nilichagua bila kujua kwamba ninachagua, na wiki chache baadaye maelfu ya watu walikuwa wanagombana kwa neno hilohilo, wengine wakiwa na mishahara ya wafanyakazi juu yake.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wachache wanakaa mezani, mmoja ni msimuliaji, kila mwingine ana mhusika wake na karatasi ya namba zinazosema ana nguvu kiasi gani, anajua uchawi gani, ataumia mara ngapi kabla ya kufa. Msimuliaji anaeleza mlipo. Nyinyi mnasema mnachofanya. Jambo likiwa na mashaka, dadu inarushwa, mara nyingi ile yenye pande ishirini. Hakuna ubao wa lazima wala mshindi. Mnachobaki nacho mwisho wa usiku ni hadithi ambayo hakuna aliyeijua jioni.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ulikuwa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa mwaka 1974 na kampuni ndogo iitwayo TSR katika mji wa Lake Geneva, Wisconsin. Nakala za kwanza zilikuwa 1,000. Gygax alikuwa ameshirikiana na Jeff Perren kuandika kanuni za vita vya wanasesere, Chainmail, za mwaka 1971. Arneson, huko Minnesota, alikuwa amecheza mchezo wa David Wesely ulioitwa Braunstein, ambao ndani yake kila mchezaji alishika mtu mmoja badala ya jeshi. Wawili hawa walichanganya walichokuta. Hata viumbe waliazima: mle ndani mlikuwa na hobbit, mpaka wenye haki za kazi za Tolkien walipolalamika na TSR ikalazimika kuwabadilisha jina wakawa halfling. Mchezo huu, basi, ulizaliwa kwa kuazima.

Tena ulimtaka mnunuzi naye aazime. Kitabu cha kanuni hakikuwa na hadithi. Aliyekinunua alipaswa kutunga mapango yake, miji yake na mazimwi yake. Baada ya miezi sita ya kucheza kila mtu alikuwa na daftari, na mwenye daftari nzuri hujiuliza kama kuna watu wangelinunua.

Hapo TSR ikaanza kukunja uso. Kampuni ya Mayfair Games ilikuwa ikitoa vitabu vya visa vinavyotumika pamoja na Dungeons & Dragons. Wakafikia makubaliano mwaka 1984, wakarudi mahakamani miaka ya 1990, na mwisho TSR ikanunua mfululizo wote wa vitabu hivyo. Gygax mwenyewe, baada ya kuondoka kwenye kampuni aliyoianzisha, alitunga mchezo mpya ulioitwa Dangerous Journeys. TSR ikamshtaki naye. Yakaisha kwa TSR kununua haki za mchezo huo na kuuweka kabatini. Intaneti ilipofika, ikawageukia vijana waliokuwa wakiweka majoka na mapango yao kwenye seva za vyuo. Wachezaji wakatania kwamba herufi za TSR ni kifupi cha "wanashtaki kila mara".

Lakini je, TSR ilikuwa na haki ya kisheria? Jibu la Marekani lina umri mkubwa kuliko mchezo wenyewe. Mwaka 1879 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Baker dhidi ya Selden. Selden alikuwa ameandika kitabu cha kufundisha namna ya kutunza hesabu, chenye fomu zake; Baker akatumia mpangilio unaofanana. Mahakama ikasema maelezo ya kitabu yana hakimiliki, ila mbinu inayoelezwa haina. Ukisoma kitabu changu cha mapishi huwezi kukipiga chapa kwa jina lako, ila huwezi kukatazwa kupika. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1976 ikaliandika hilo wazi: wazo, utaratibu, mfumo na njia ya kufanya jambo haviwi mali ya mtunzi. Wazee wanaocheza bao barazani hawajawahi kufikiria vinginevyo.

Kanuni ya "rusha dadu ya pande ishirini, jumlisha nguvu zako, ukifika 15 umefaulu" kwa hiyo haina mwenyewe. Tatizo ni kwamba kitabu cha mchezo hakina mstari uliochorwa kati ya kanuni na maneno yake. Jina la uchawi ni kanuni au ni utunzi? Orodha ya silaha na bei zake je? Jedwali la namba? Jibu hupatikana kwa hakimu, na hakimu hufikiwa kwa fedha. Mchapishaji anayefanya kazi kwenye meza ya jikoni kwake anaweza kuwa na haki yote na bado akafilisika kabla ya kuthibitisha. Mtu akiuliza kwa nini watu walihitaji leseni ya kutumia kitu ambacho hakikuwa cha mtu, sababu ni hiyo. Walichohitaji hasa ni ahadi ya kutoshtakiwa.

Ahadi hiyo ilitoka mahali pa ajabu. Mwaka 1997 TSR ilikuwa imeelemewa na madeni, ikanunuliwa na Wizards of the Coast, kampuni iliyotajirika kwa mchezo wa karata wa Magic: The Gathering. Mwanzilishi wake, Peter Adkison, alikuwa amewahi kuonja fimbo hiyohiyo. Kitabu cha mwanzo kabisa cha kampuni yake, The Primal Order cha mwaka 1992, kilieleza namna ya kukitumia pamoja na michezo ya wengine, na Palladium Books ikamshtaki.

Chini yake alikuwepo Ryan Dancey, aliyeshughulikia ununuzi wa TSR na baadaye akawekwa kusimamia biashara ya Dungeons & Dragons. Dancey alikuwa akisoma habari za programu huria: Richard Stallman na leseni yake ya GNU, Linux, na watu wasiojuana wanaojenga kitu kimoja. Hoja yake ilikuwa ya mfanyabiashara. Kitabu cha kanuni kinanunuliwa na kila mchezaji, kitabu cha kisa kinanunuliwa na msimuliaji peke yake. Waache wengine wahangaike na visa, kwa kuwa kila kisa kitauza kitabu cha kanuni. Kulikuwa pia na jambo la pili ambalo Dancey amelieleza tangu hapo. Alikuwa ameona TSR ikikaribia kuzama na mchezo ukiwa umefungiwa ndani yake. Alitaka mchezo uweze kuishi hata mwenye nao akifa au akikosa akili.

Mwaka 2000, pamoja na toleo la tatu la mchezo, ikatoka Open Game License, ambayo wachezaji wote huiita OGL. Ilikuja na hati ya marejeo yenye kanuni zote muhimu, bila picha wala hadithi, iwekwe mtandaoni na kunakiliwa na yeyote. Wizards yenyewe ilikwishanunuliwa na Hasbro mwaka mmoja kabla. Wakuu wa kampuni ya wanasesere wakikubali kutoa kanuni bure! Sijui ni mara ngapi jambo hilo lingepita leo.

Leseni inagawa kitabu mafungu mawili. Kuna maudhui huria, ambayo kila mtu anaweza kunakili, kubadili na kuuza. Na kuna utambulisho wa bidhaa, ambao haugusiki: majina ya wahusika, ulimwengu, michoro, na baadhi ya viumbe. Wizards walijibakizia wachache, akiwemo beholder, lile dude la mviringo lenye jicho kubwa katikati na macho mengine kichwani kama vikonyo, na mind flayer, mwenye uso wa pweza anayekula ubongo. Joka na zimwi ni wa wote, ila ukitaka mla ubongo mwenye mikia ya pweza mdomoni ubuni wako.

Leseni pia ilikunyang'anya kidogo. Ukiikubali, unaahidi kutotaja alama ya biashara ya mtu mwingine kuonyesha kwamba kitabu chako kinakwenda na mchezo wake, mpaka mkubaliane naye kando. Kisheria, bila leseni, pengine ungeweza kulitaja jina hilo. Ndiyo maana kwa miaka mingi majalada ya vitabu yamejaa maneno ya kuzungukazunguka, kwamba kitabu hiki kinafaa kwa mchezo maarufu kuliko yote duniani, bila kuutaja, kama mtu anayemzungumzia mkwe.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kifungu cha 15. Ukichukua kutoka kitabu cha fulani, unanakili tangazo lake la hakimiliki, pamoja na matangazo yote aliyoyanakili yeye kutoka kwa wengine, kisha unaongeza lako chini. Kitabu cha mwaka 2000 kina mistari miwili mitatu. Kitabu cha miaka kumi baadaye kinaweza kujaza safu nzima kwa herufi ndogo za kuumiza macho: nani alitunga zimwi hili, nani aliazima kutoka kwa nani, hadi kuufikia mzizi. Watu wa pwani tunaijua orodha ya namna hiyo, ile ya fulani bin fulani bin fulani. Mawakili waliiweka ili kulinda haki. Bila kukusudia wakaandika nasaba ya fasihi nzima.

Agosti 2000, kwenye maonyesho ya Gen Con mjini Milwaukee, kitabu kipya cha wachezaji kilianza kuuzwa, na siku hizohizo meza za wengine tayari zilikuwa na visa vilivyochapishwa kwa leseni: Three Days to Kill cha John Tynes kutoka Atlas Games na Death in Freeport cha Chris Pramas kutoka Green Ronin. Kilichofuata kilikuwa mafuriko. Kila aliyekuwa na daftari alichapisha. Vingi vilikuwa vibovu, niseme ukweli, na Wizards walipotoa marekebisho ya toleo la tatu mwaka 2003 vitabu vingi madukani vikazeeka kwa siku moja. Maduka yalibaki na shehena, wachapishaji wengi wakafunga. Waliobaki walikuwa wamejifunza kazi.

Ila jambo la kusisimua zaidi lilifanywa na watu wasiopenda toleo la tatu hata kidogo. Walitaka mchezo wa utoto wao, ule wa vitabu vya mwisho wa miaka ya 1970, ambao TSR ilikwisha kuuacha na Wizards hawakuwa wakiuchapisha. Leseni haikuugusa mchezo huo. Lakini Stuart Marshall na Matt Finch waligundua kwamba ufunguo wa nyumba mpya unaingia kwenye kitasa cha nyumba ya zamani. Maneno yote ya msingi, majina ya sifa za mhusika, alama za uhai, majina ya uchawi na mazimwi, yalikuwa yamefunguliwa kupitia toleo la tatu. Kanuni za zamani, kama hesabu na taratibu, hazikuwa na mwenyewe tangu Baker na Selden. Basi wakachukua msamiati kutoka upande mmoja na hesabu kutoka upande mwingine, wakaandika upya kila sentensi kwa maneno yao, na mwaka 2006 wakatoa OSRIC, bure. Kusudi lake la mwanzo lilikuwa la kichokozi: mtu aweze kuandika kisa kipya cha mchezo wa zamani na kusema kinafaa kwa OSRIC, na kila msomaji ajue kinachosemwa.

Nyuma yao wakaja wengine. Basic Fantasy wa Chris Gonnerman, Labyrinth Lord wa Daniel Proctor, Swords & Wizardry wa Finch huyohuyo. Mchezo uliokuwa umekufa madukani ukapata waandishi wapya. Hakuna mkuu wa kampuni aliyeamua hivyo mahali popote.

Mwaka 2008 Wizards walitoa toleo la nne, safari hii bila OGL. Walileta leseni nyingine iliyobana, iliyowapa nafasi ya kubadili masharti wakati wowote. Wachapishaji walijikuna vichwa. Paizo, kampuni iliyokuwa ikichapisha majarida rasmi ya mchezo mpaka haki hizo ziliporudishwa kwa mwenyewe mwaka 2007, ikaamua kubaki kwenye leseni ya zamani. Ikachukua kanuni za toleo la tatu zilizokwisha kuachwa na mwenyewe, Jason Bulmahn akazinyoosha, na Agosti 2009 zikatoka kama Pathfinder. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kulikuwa na misimu ambayo orodha za mauzo za ICv2 kwa maduka ya michezo ya Marekani ziliiweka Pathfinder juu ya Dungeons & Dragons. Dancey alikuwa amesema mchezo uweze kuishi nje ya mwenyewe. Sasa ulikuwa ukimshinda mwenyewe sokoni.

Wizards wakajirudi. Toleo la tano la mwaka 2014 lilipata hati yake ya marejeo mwaka 2016, chini ya OGL ileile. Wakati huo kulikuwa na njia nyingine pia. Fate ya Evil Hat ilihamia Creative Commons. Vincent na Meguey Baker, watunzi wa Apocalypse World ya mwaka 2010, hawakuweka hata leseni. Walisema tu watu wachukue, na mamia wakachukua. Nawahusudu. Ila ahadi ya namna hiyo inategemea mtu aliyeitoa, na watu wengi wa toleo la tano walikuwa wakitegemea shirika lenye hisa sokoni.

Tarehe 5 Januari 2023 tovuti ya Gizmodo ikachapisha habari za rasimu iliyovuja: OGL 1.1. Aliyepata zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka alitakiwa kuripoti mapato yake. Aliyepita dola 750,000 alitakiwa kulipa mrabaha wa hadi asilimia 25 kwa kila kilichozidi, na hesabu hiyo ni ya mapato kabla ya kutoa gharama, wakati vitabu vina karatasi, wachoraji na meli za kulipia. Wizards wangekuwa na haki ya kutumia kazi yako wapendavyo bila malipo. Na kulikuwa na sentensi moja iliyonifanya nisimame: leseni ya mwaka 2000, rasimu ilisema, si tena leseni iliyo *authorized*.

Nilimtumia yule dada picha ya ukurasa. Akajibu kwa neno moja: "Lenye."

Hoja ya kampuni ilikuwa hiyohiyo aliyoiona yeye kwenye karatasi yangu. Kifungu cha 9 kinakuruhusu kufuata toleo lenye idhini, sisi ndio watoa idhini, tumeiondoa. Waliowapinga walisema idhini ilitolewa mwaka 2000, ikatumika miaka 22, na kifungu hakisemi popote kwamba inaweza kurudishwa. Wakachimbua majibu ya maswali ambayo Wizards wenyewe walikuwa wameyaweka mtandaoni zamani, yaliyosema kwamba wakileta toleo usilolipenda unaweza kuendelea na la awali. Dancey akajitokeza kueleza kwamba nia haikuwa kamwe leseni iweze kufutwa.

Lakini nia haikuwa imeandikwa. Leseni ya 2000 ilijiita ya kudumu, maana yake haina tarehe ya kwisha. Haikusema haiwezi kutenguliwa. Mwaka 2000 waandishi hawakuona haja ya neno la pili. La kwanza lilionekana linatosha. Kilichoniudhi zaidi kwenye rasimu iliyovuja ni kwamba neno hilo la pili lilikuwamo. Pale ambapo wewe unawapa Wizards haki ya kutumia kazi yako, haki hiyo ilielezwa kuwa ya kudumu na isiyotenguka. Walijua kabisa neno linapatikana wapi.

Sisi na nakala zetu 50 tusingelipa mrabaha wowote. Hilo nililiona siku ya kwanza. Ila kijitabu kilikuwa tayari kwa mpiga chapa, na sikujua ni leseni ipi niiweke mwishoni: ile iliyotufanya tuthubutu kuandika, au mpya ambayo haikuwa imetoka. Tukasimamisha. Wengine walikuwa na makubwa zaidi ya kusimamisha: vitabu vilivyolipiwa na wafadhili, wachoraji wanaosubiri malipo, watafsiri, wahariri. Kazi ya miaka 22 ilikuwa imejengwa juu ya kitenzi kimoja kisicho na wakati.

Wachezaji wakafanya kitu rahisi. Walifuta usajili wao wa kulipia kwenye D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ya Wizards, wakawaambia wenzao wafute. Paizo ikatangaza tarehe 12 Januari kwamba itagharamia leseni mpya, ORC, isiyomilikiwa na kampuni yoyote ya michezo. Siku iliyofuata Wizards wakatoa tamko la kurudi nyuma nusu. Tarehe 19 wakaleta rasimu nyingine, yenye neno la kutotenguka safari hii, lakini leseni ya 2000 bado ilikuwa inafutwa. Wakaomba maoni. Walijibu watu zaidi ya 15,000. Asilimia 88 hawakutaka kuchapisha chini ya rasimu hiyo, na asilimia 89 hawakuridhika na kufutwa kwa leseni ya zamani.

Tarehe 27 Januari wakakubali. Leseni ya 2000 ikaachwa kama ilivyo. Zaidi ya hapo, hati yote ya marejeo ya toleo la tano ikawekwa chini ya Creative Commons, ile inayodai utajwe tu kama chanzo. Leseni hiyo haiko mikononi mwa Wizards, na imeandika ndani yake kwamba haitenguki. Baadaye mwaka huohuo hati hiyo ikatoka pia kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania. Mwenye kutaka kuitoa kwa Kiswahili hana wa kumwomba.

Waliokwisha kuondoka hawakurudi wote. ORC ilikamilika katikati ya 2023. Mwishoni mwa mwaka Paizo wakaanza kutoa upya Pathfinder nzima, wakiwa wameondoa chochote chenye harufu ya leseni ya zamani. Ule uchawi wa mishale isiyokosa, unaojulikana na kila mchezaji kwa jina la Magic Missile, kwao sasa ni Force Barrage. Mgawanyo wa wahusika kwa wema na uovu umefutwa. Ni usafi wa mtu aliyeachika anayetoa picha ukutani, na siwalaumu, ingawa kwenye kazi hiyo ile nasaba ya kifungu cha 15 imekatika. Kitabu kipya hakilazimiki kumtaja babu yake wa mwaka 2000.

Kijitabu chetu kilitoka Machi, chini ya Creative Commons. Kurasa za leseni tulizokuwa tumeziacha mwishoni zikabaki wazi, kwani safari hii sharti lilikuwa aya moja ya kutaja chanzo. Tuliijaza nafasi kwa majina ya tuliowasoma na kuwaiga, kwa herufi ndogo, ingawa hakuna aliyetulazimisha. Halfling tuliwaacha walivyo, baada ya ubishi wa jioni nzima.

Chini kabisa nikaandika kwa Kiswahili kwamba ruhusa hii haitenguki. Yule dada akachukua kalamu. "Haitenguki ni kama kamba ambayo haifunguki yenyewe," akasema. "Mtu je, hawezi kuifungua?" Akafuta, akaandika "haiwezi kutenguliwa na yeyote", akanirudishia karatasi nipeleke kwa mpiga chapa.